Je, Sayari Zaweza Kuitikisa Dunia?

Mtaa wa Umoja, ulio upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani, nao ulikuwa mtaa wa nyumba ndogo ndogo za chini. Siku hizi nyingi katika nyumba hizo zimetoweka, na mahali pake pamesimama majumba marefu yaliyobanana bega kwa bega. Wakaao ndani yake hulalamika kwa sababu ya maji yasiyopanda juu na ngazi zisizo na taa, wala hawakosi haki. Walakini majumba hayo yana faida moja: paa lake. Mtu akipanda kuanua nguo wakati wa magharibi huliona anga lote, tangu upande wa mjini linapotua jua mpaka upande wa Kayole.

Juu ya paa la namna hiyo, katika mwezi wa Februari 2025, walisimama watu watatu: karani mmoja wa ghala katika eneo la viwanda, binti yake wa kidato cha nne, na kaka yake karani, mkulima wa Makueni, aliyekuwa amekuja Nairobi kwa shughuli isiyopendeza. Alikuja kumwambia mdogo wake ya kuwa amekwisha kupatana na dalali auze maksai wake wawili, wale wa kulimia, kwa bei iliyo chini kabisa, nayo mvua za Machi zakaribia.

Sababu yake ilikuwa hii. Habari ilikuwa imeenea katika simu za mkononi, ikipita kutoka mtu hata mtu bila mwenye kujulikana, ya kwamba tarehe 28 Februari sayari saba zitajipanga mstari mmoja, na kwa kujipanga huko zitaivuta dunia kwa pamoja, ardhi ipasuke na bahari ipande juu ya nchi. Mzee huyu si mjinga. Katika siku nyingine angaliicheka habari hiyo. Lakini tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, katika Makueni hiyo hiyo, pete kubwa ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi na upana wa mita 2 na nusu ilianguka kutoka mbinguni mchana kweupe. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa kilikuwa kipande cha roketi. Hata hivyo mtu aliyekwisha kusikia chuma cha namna hiyo kimeanguka katika wilaya yake hawezi kulaumiwa sana akiinua macho yake juu kwa mashaka.

“Ndugu yangu,” akasema, “ng’ombe hubebwi mgongoni siku ya kukimbia. Fedha hubebwa.”

Karani hakupata neno la kumjibu, maana yeye mwenyewe aliupokea ujumbe ule mara nne kazini. Ndipo binti akanyosha mkono upande wa magharibi, ilipokuwa nyota moja ikiwaka kama taa ya barabarani, akasema, “Baba mkubwa, ile ndiyo Zuhura. Katika sayari zote ndiyo inayotukaribia zaidi. Tukijua inavyotuvuta ile, tutajua mengi. Na hesabu yake si ngumu.”

Yafaa kwanza msomaji aelezwe jinsi mstari huo ulivyo, kwa kuwa neno hilo ndilo lililoleta fitina. Sayari zote hulizunguka jua karibu katika uso mmoja, kama punje za mahindi zilizotawanywa juu ya sinia. Mtu aliye juu ya sinia hiyo hiyo akizitazama, huziona siku zote katika njia moja angani, yaani njia ile ile ipitayo jua na mwezi. Jioni zile za Februari Zohali na Utaridi zilikuwa chini kabisa karibu na machweo, Zuhura juu yake kidogo, Mushtari juu sana karibu na utosi, na Mirihi yenye wekundu upande wa kaskazini mashariki. Uranusi na Neptuni hazikuweza kuonekana kwa macho matupu. Basi mstari ulikuwako machoni pa watazamaji, lakini zenyewe zilikuwa zimetawanyika huku na huku, moja mamilioni ya kilometa nyuma ya mwenzake. Tarehe 21 Desemba 2020 Mushtari na Zohali zilionekana zimekaribiana hata wengi wakadhani zimegusana. Kumbe kati yao palikuwa na kilometa zipatazo milioni 730.

Sasa hesabu. Kanuni yake ilitangazwa na Mwingereza Isaac Newton katika mwaka wa 1687. Yasema hivi: kila kitu chavuta kila kitu kingine. Ukitaka kujua nguvu ya mvutano kati ya vitu viwili, zidisha kilo za kimoja kwa kilo za kingine, kisha gawanya kwa umbali ulio kati yao, nao umbali huo kwanza uzidishwe kwa wenyewe. Kwa hiyo umbali ukiwa mara mbili, nguvu yapungua mara nne. Ukiwa mara kumi, nguvu yapungua mara mia. Mwisho huzidishwa kwa namba moja ndogo ajabu, nayo ni 6.67 iliyogawanywa kwa 100,000,000,000. Jawabu hutoka kwa nyutoni, na nyutoni moja ni kiasi cha nguvu inayohitajiwa kushika mkononi kitu cha gramu 100 hivi.

Namba hiyo ndogo Newton hakuijua. Ilingoja zaidi ya miaka 100, mpaka Henry Cavendish, tajiri mmoja wa London aliyeogopa watu kupita kiasi, alipofungia chumbani mizani ya ajabu: fimbo iliyoning’inizwa kwa waya mwembamba, na mwisho wake huku na huku tufe ndogo za risasi. Kando ya hizo aliweka tufe kubwa mbili, kila moja yenye kilo 158. Hakuingia chumbani, asije akaitikisa hewa. Alichungulia kwa darubini kupitia tundu ukutani, akaona fimbo ikisogea kidogo mno kwa mvuto wa tufe kubwa. Mwaka ulikuwa 1798. Kwa kusogea huko alipata kujua ya kuwa dunia nzima ni nzito mara 5 na nusu hivi kuliko maji yaliyo kiasi chake. Watu wakasema Cavendish amepima dunia kwa mizani, wala hawakukosea.

Binti aliteremka akaleta daftari na taa ya simu. Hakuandika namba kwa ufupi wa darasani, bali aliandika kwa sufuri, kusudi mzee afuate kila hatua.

Kilo za dunia: 6, na nyuma yake sufuri 24. Kilo za Zuhura: 49, na sufuri 23. Umbali aliuweka kilometa milioni 40, ijapokuwa siku zile Zuhura ilikuwa mbali zaidi ya hapo. Alikusudia kuipendelea, ili pasiwe na mtu wa kusema kuwa hesabu imepunguzwa kwa hila. Kilometa milioni 40 ni mita 4 na sufuri 10. Zikizidishwa kwa zenyewe ni 16 na sufuri 20.

Sita mara 49 ni 294; sufuri 24 na 23 ni 47. Zidisha 294 kwa 6.67, wapata 1,961. Ondoa sufuri 11 kwa ajili ya ile namba ya Cavendish, zasalia 36. Gawanya 1,961 kwa 16, ni 122 na kitu. Ondoa sufuri 20, zabaki 16. Jawabu, kwa kukadiria: nyutoni 12 na sufuri 17 nyuma yake, yaani 1,200,000,000,000,000,000.

Mzee alizihesabu zile sufuri kwa kidole. Kisha akamtazama mdogo wake kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. “Nilisema nini mimi?” akauliza. “Dalali anaondoka Wote kesho kutwa.”

Hapo ndipo wengi wafanyao hesabu hiyo hukomea, nao hutishika bure au hutisha wengine. Namba ni kubwa kweli. Walakini nguvu haijulikani kuwa ni kubwa au ndogo mpaka ijulikane inavuta nini. Mtu mmoja akisukuma mkokoteni wenye magunia mawili, mkokoteni utakwenda. Akisukuma garimoshi lililojaa mzigo, hata likivingirika bila breki, hataliona likijongea upesi, nayo nguvu ya mikono yake ni ile ile. Nguvu ya Zuhura yavuta dunia nzima, na dunia ina kilo 6 na sufuri 24. Binti akagawanya. Kila kilo moja ya dunia yapata fungu la nyutoni 2 zilizogawanywa kwa 10,000,000.

Mtu mzima wa kilo 70, basi, avutwa na Zuhura kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa sehemu ya elfu moja ya gramu na kidogo zaidi. Hizo ni chembe mbili tatu za sukari. Mzee aliomba aonyeshwe. Karani akashuka mwenyewe jikoni, akarudi na sukari katika kiganja, akamwekea kaka yake chembe hizo juu ya kidole; upepo wa jioni ukazipeperusha kabla hazijatazamwa vizuri.

Lakini mkulima si mtu wa kushindwa upesi. Aliuliza swali ambalo lastahili heshima: kama mvuto ni mdogo hivyo kwa kila kitu, mbona mwezi waweza kuinua bahari? Alikuwa amewahi kufanya kazi bandarini Mombasa ujanani, akaona kwa macho yake wakati wa bamvua jinsi maji yanavyopanda na kushuka karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Maji ya bahari hayana kilo? Nayo si yanavutwa?

Jawabu la swali hilo ndilo kiini cha habari yote. Matatu inapokwenda kwa mwendo wa taratibu katika barabara iliyo laini, abiria wote wachukuliwa pamoja, na chai ya aliye nyuma haimwagiki. Vivyo hivyo dunia na vyote vilivyomo vyavutwa pamoja na Zuhura: milima, bahari, maksai na mwenye maksai. Kinachoweza kuinua maji au kubana ardhi si mvuto wenyewe, bali ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia uliokaribia na upande ulio mbali. Upande ulio karibu ukivutwa zaidi kidogo, maji hupanda huko; na upande wa pili, unaovutwa pungufu, maji husalia nyuma nayo hupanda. Ndiyo sababu pwani hujaa mara mbili katika muda wa siku moja hivi, jambo ambalo wavuvi wa Lamu na Pemba hulijua bila kufundishwa na Newton.

Na tofauti hiyo hupungua kwa umbali upesi kuliko mvuto wenyewe: umbali huhesabiwa mara tatu wala si mara mbili. Zuhura ni nzito kuliko mwezi mara 66. Lakini hata inapokaribia kabisa iko mbali kuliko mwezi mara 104. Mia na nne mara mia na nne mara mia na nne ni 1,124,864. Gawanya kwa 66, ni 17,000 na kidogo. Basi mwezi wainua bahari mara 17,000 kuliko Zuhura. Zile mita 4 za Mombasa, hata kama zote zingehesabiwa kuwa kazi ya mwezi peke yake, zikigawanywa kwa 17,000 hazifiki robo ya milimita. Karatasi mbili za daftari la binti zikilazwa pamoja ni unene wa kadiri hiyo.

Vipi Mushtari, lile jitu? Hapa pana jambo la kushangaza. Mushtari inapokuwa karibu nasi huivuta dunia kwa nguvu kuliko Zuhura, karibu mara moja na nusu, kwa kuwa kilo zake ni nyingi mno. Lakini iko mbali sana, kilometa milioni 600 na zaidi, hata tofauti ya mvuto wake kati ya upande huu wa dunia na upande ule ni sehemu moja tu ya kumi ya ile ya Zuhura. Sayari nyingine hazina haja ya kutajwa. Zikijumlishwa zote, zimepangwa mstari ulionyoka kama kamba ya fundi mwashi, haziwezi kufanya hata sehemu ndogo ya yale ambayo mwezi huyafanya kila siku, wala hakuna mtu auzaye ng’ombe kwa sababu ya mwezi.

Hofu ya namna hii si ngeni, wala si ya watu wa mashambani tu. Mwaka 1974 wataalamu wawili, John Gribbin na Stephen Plagemann, walitoa kitabu wakidai ya kuwa sayari zitakapokusanyika upande mmoja wa jua katika mwaka wa 1982, huenda jimbo la California likapatwa na tetemeko kubwa. Kitabu kiliuzwa sana. Tarehe 10 Machi 1982 ikafika, ikapita, na tetemeko hilo halikutokea. Hao walikuwa watu wa elimu kubwa, naye Gribbin baadaye alikubali kuwa walikosea.

Asije mtu akadhani, kwa sababu hiyo, kuwa mvutano wa sayari na sayari ni kitu cha kupuuzwa. Ni mdogo, lakini haulali. Katika karne ya 19 wanajimu waliona Uranusi haiendi sawasawa na hesabu. Ilipotoka njia yake kidogo sana, mwaka baada ya mwaka. Mfaransa Urbain Le Verrier akasema kuna sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, akapiga hesabu kinyume: badala ya kutafuta nguvu kwa kuijua sayari, alitafuta sayari kwa kuijua nguvu. Alipeleka barua Berlin kwa Johann Galle, naye usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 akaelekeza darubini mahali alipoambiwa, akaiona Neptuni pasipo kutoka nje ya digrii moja. Mwingereza John Couch Adams alikuwa amefanya hesabu kama hiyo kwa upande wake. Sayari nzima iligunduliwa kwa kalamu.

Na mtu wa Kenya hana haja ya kwenda Berlin kutafuta ushahidi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu, kutoka katika jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Ikaizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi kwa kufuata kanuni ile ile aliyoiandika binti katika daftari. Kanuni hiyo yaonekana hata sokoni, kwa mwenye mizani ya kutundika iliyo nzuri kabisa: gunia la mahindi la kilo 90 lililopimwa Mombasa, likipandishwa mpaka Nairobi, mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, lasoma pungufu ya gramu 40 au 50 hivi, bila punje moja kuibiwa, kwa kuwa limekwenda mbali kidogo na kitovu cha dunia. Wafanya biashara wasije wakaitumia habari hii kuelezea upungufu wa kilo tatu.

Giza lilikuwa limekwisha kuingia, na Zuhura imeshuka karibu na mapaa ya Buruburu. Mzee alikaa kimya muda mrefu, daftari magotini. Hatimaye alichukua simu yake akampigia dalali, wakasemezana kwa Kikamba maneno machache, na sauti ya dalali ilisikika hata kwa waliosimama kando. Alipomaliza alimgeukia binti.

“Mwanangu, hao maksai wangu nao, wakiwa chini ya nira moja, wavutana?”

Binti akapiga hesabu. Kilo 300 na kilo 300, mita moja kati yao. Ikatoka nyutoni 6 zilizogawanywa kwa 1,000,000. Kisha, kwa kuwa alikuwa na namba ya Zuhura mbele yake, akazilinganisha, akacheka peke yake.

“Wavutana, Baba mkubwa. Ila Zuhura humvuta kila mmoja mara kumi kuliko anavyovutwa na mwenziwe.”

“Mara kumi?” Mzee alisimama, akapangusa suruali yake. “Basi mwambie Zuhura aje Makueni Jumatatu. Nina ekari tatu hazijalimwa.”